Sauti za Dereva

Katika kiwanda kidogo cha mikate palikuwa na mwanamke ambaye wenzake walimwita Mama Unga. Hata siku za mapumziko, ukimtazama vizuri, ungeuona unga mahali fulani: nyuma ya sikio, kwenye kiwiko, pembeni mwa ukucha.

"Mimi nikioga ni kama najikanda," alisema mwenyewe, na wenzake wakacheka.

Kazi yake ilikuwa kukanda unga na kuusubiri uumuke. Watu wengi hawajui kwamba kazi ya mikate ni kazi ya kusubiri. Unakanda, unafunika, unasubiri. Ukiharakisha, mkate unatoka mgumu kama tofali. Wakati huo wa kusubiri, wenzake walipiga soga. Mama Unga yeye alikwenda stoo, akakaa juu ya magunia karibu na dirisha, akatoa simu na kuiweka sikioni. Mtu asiyemjua angedhani anaongea na jamaa yake.

Alikuwa anamsikiliza mumewe.

Mumewe alikuwa dereva wa lori la safari ndefu. Wote walimwita Dereva, hata mama yake mzazi. Hakupenda kuandika ujumbe. Alisema vidole vyake vimezoea usukani, na herufi za simu ni ndogo kama chembe za chumvi. Kwa hiyo alirekodi sauti. Kila alipoegesha lori, alimtumia mkewe maneno mawili matatu kwa ile programu ya kutumiana ujumbe ambayo kila mtu anayo kwenye simu.

"Mama Unga, niko kwenye foleni. Mbele yangu kuna lori la mbuzi. Kuna mbuzi mmoja ananitazama kama amewahi kuniona mahali."

"Mama Unga, leo jua ni kali. Mwambie binti yako nimeona viatu vya kumnunulia, ila sijui mguu wake umefika wapi. Apime kwa kamba."

Mambo ya kawaida tu. Lakini Dereva alikuwa amefariki, huu ukiwa mwaka wa pili. Miaka yote mkewe aliihofia barabara, kumbe barabara haikumfanya kitu. Aliugua ghafla akiwa nyumbani, kitandani mwake, na hakuamka tena. Zikabaki zile sauti. Mama Unga alizisikiliza kila siku unga ulipokuwa unaumuka. Hakumwambia mtu, hata binti yake. Zilikuwa zake.

Siku moja asubuhi, akiwa pale stoo, ujumbe uliingia. Ulitoka kwa wifi yake, dada wa marehemu. Wiki hiyo ilikuwa ya kumbukumbu ya kifo cha Dereva, na jamaa wote walikuwa wakiandika maneno ya kumkumbuka kwenye kundi la familia.

Ujumbe ulisema: "Wifi, habari za kazi? Nakusanya picha zote za kaka niziweke mahali pamoja, tuwe tunaziona wote. Kuna ambazo hujawahi kuziona. Nimeshakuunga. Utapata namba sita kwa ujumbe wa kawaida. Nitumie upesi kabla muda haujaisha."

Picha ambazo hajawahi kuziona! Moyo wa Mama Unga uliruka. Alikuwa na picha chache tu za mumewe, na katika nyingi Dereva alikuwa amefumba macho.

Simu ililia. Namba sita ziliingia kweli. Chini yake paliandikwa: "Usimpe mtu yeyote namba hii." Aliyaona maneno hayo, ila macho yake yaliyapita mbio, kama mtu anayepita kibao cha njia akiwa na haraka. Akaziandika zile namba, akamtumia wifi.

"Asante wifi," lilikuja jibu.

Akasubiri picha. Dakika zikapita. Akaifungua tena ile programu. Badala ya majina ya watu na sauti za mumewe, akaona ukurasa mweupe. Uliandikwa: "Namba yako imesajiliwa kwenye simu nyingine."

Akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Weupe mtupu.

"Jamani!" aliita. "Jamani, njooni! Simu yangu imefanya nini?"

Mpanga mikate, mwenzake wa siku nyingi, alikuja mbio akijifuta mikono. Akaitazama simu, akaigeuza, akaitikisa kidogo.

"Hiyo imeganda tu. Yangu hufanya hivyo. Ifute programu yote, uiweke upya. Itakuwa safi."

"Una hakika?"

"Mimi hufanya hivyo kila mara. Futa, weka upya, kwisha kazi."

Mama Unga angeifuta palepale, lakini msimamizi aliita kutoka kwenye tanuri. Unga ulikuwa umeumuka na kuanza kufurika nje ya mabeseni. Siku hiyo alikanda vibaya. Trei moja ilitoka imebonyea katikati, na hakuna aliyethubutu kumtania.

Alipofika nyumbani alimkuta binti yake akifanya kazi za shule mezani. Binti alikuwa na umri wa miaka kumi na sita, mrefu kama baba yake, na msiri kama mama yake. Tangu msiba hakuwa akimtaja baba. Mama alidhani amesahau, na jambo hilo lilimuuma, ila hakuwahi kulisema.

Mama Unga aliketi, akaweka kidole juu ya alama ya programu. Simu ikauliza: "Ondoa?"

"Mama, unafanya nini?"

"Naifuta hii, niiweke upya. Imeharibika."

Binti aliruka kutoka kwenye kiti. "Usifute! Mama, usifute!" Aliishika simu kwa mikono miwili. "Sauti za baba zimo humo!"

Mama Unga alimkodolea macho. "Wewe umejuaje?"

Binti aliikumbatia simu kifuani. "Twende kwa Bi Kibodi kwanza," alisema. "Tafadhali mama. Yeye atajua."

Bi Kibodi alikuwa jirani wa mlango wa pili. Watoto wa jengo ndio waliompa jina hilo, kwa sababu mchana kutwa walisikia vidole vyake vikigonga kibodi ya kompyuta: tak-tak-tak, kama mvua juu ya bati. Kazi yake ilikuwa kutengeneza programu za kompyuta na za simu. Alifanya kazi hiyo akiwa kwake, amevaa kandambili. Kwa sababu hiyo, majirani kadhaa waliamini hana kazi, na mmoja alikuwa amemtafutia nafasi ya kufua nguo.

Aliwafungulia mlango, vipokea sauti vya masikioni bado vikining'inia shingoni.

"Karibuni, dada. Kuna nini? Mbona macho mekundu?"

Mama Unga alimweleza. Bi Kibodi alisikiliza bila kumkatiza.

"Nani aliyekuomba hizo namba?"

"Wifi."

"Waifai ya hapa jengoni?"

"Siyo waifai! Wifi. Wifi yangu, dada wa marehemu."

Binti alicheka bila kutaka. Hata Mama Unga alitabasamu kidogo.

"Haya," alisema Bi Kibodi. "Mpigie huyo wifi sasa hivi. Simu ya kawaida. Nataka umsikie kwa masikio yako."

Mama Unga akapiga. Wifi akapokea upesi, sauti imemkauka.

"Wifi, afadhali umepiga! Usijibu ujumbe wowote kutoka kwangu. Tangu jana mtu ameichukua namba yangu. Nilitumiwa ujumbe na shoga yangu, akaniomba namba sita, nikampa. Kumbe siyo yeye. Nimeona aibu kuwaambia."

Mama Unga alikaa chini. Kwa hiyo hakukuwa na picha. Hicho ndicho kilichomchoma kwanza, kabla hata ya hofu. Hakukuwa na picha yoyote.

"Dada, nisikilize," alisema Bi Kibodi taratibu. "Zile namba sita ni ufunguo. Unapoweka programu kwenye simu mpya, wenyewe wanauliza: je, kweli wewe ndiye mwenye namba hii? Wanatuma ufunguo kwa ujumbe wa kawaida. Mwenye ufunguo ndiye mwenye nyumba. Mwizi aliandika namba yako kwenye simu yake, ufunguo ukaja kwako, naye akakuomba."

"Nami nikampa kwa mkono wangu."

"Ulimpa wifi yako. Ndivyo ulivyojua wewe. Huyu mtu alishaingia kwenye kundi la familia yenu kwa jina la wifi. Akasoma mnavyomkumbuka marehemu. Akajua mna hamu, akaifanya hamu yenu chambo. Kwa mwingine angesema kuna zawadi, au kuna kazi. Kwako amesema kuna picha."

Mama Unga alijifuta macho kwa kiganja. "Mjinga mimi."

"Mjinga hapana. Ulikuwa na haraka. Wao kila mara huleta haraka. Upesi, muda unaisha, usichelewe. Ukiona haraka kwenye simu, weka simu chini kwanza."

"Na sauti? Sauti za mume wangu anazisikia huyo mtu?"

Aliuliza kwa sauti ndogo. Wazo hilo lilikuwa likimtafuna tangu wifi alipozungumza, kwamba mgeni amekaa mahali fulani, anacheka habari za mbuzi.

"Hapana. Amechukua namba, hajachukua simu. Mazungumzo ya zamani yamehifadhiwa humu ndani ya simu yako. Hayaoni."

"Alhamdu..." Mama Unga alipumua. "Basi nikifuta na kuweka upya..."

"Hapo sasa!" Bi Kibodi aliinua mkono. "Ukifuta programu, huenda ukafuta na kila kilichomo. Uliwahi kuweka nakala mahali pengine?"

"Nakala gani?"

"Basi. Nani aliyekuzuia usifute?"

Mama Unga alimnyooshea binti yake kidole.

"Mshukuru huyo."

Bi Kibodi alimwambia aifungue programu na kuandika namba yake mwenyewe, kama anayeanza upya, bila kufuta chochote. Laini ya simu ilikuwa bado mkononi mwake, kwa hiyo ufunguo mpya ungekuja kwake. Ukaja. Akauingiza. Wote watatu wakainama juu ya kioo.

Ukurasa mwingine ukatokea: "Weka namba ya siri ya pili."

"Namba gani tena hiyo? Mimi sina namba ya pili."

Bi Kibodi aliguna. "Amekuwa mjanja. Ameweka kufuli la pili, kwa namba anayoijua yeye. Habari njema ni kwamba sasa hivi umemtoa. Hawezi tena kuandika kwa jina lako. Habari mbaya ni kwamba nawe huwezi kuingia. Itabidi usubiri wiki nzima, ndipo programu ikuruhusu kuliondoa hilo kufuli."

"Wiki! Wewe si ndiye unayezitengeneza hizi? Fungua basi, mdogo wangu. Gonga-gonga hapo."

"Hii sikuitengeneza mimi, dada. Na hata ningeitengeneza, kufuli likifunguka kwa kila anayejua kugonga kibodi, litamzuia nani? Programu hii huzifungia sauti ndani yake. Nikijaribu kuzitoa kwa nguvu, naweza kuziharibu. Sitaki kukudanganya. Tungoje."

"Zitakuwepo baada ya wiki?"

"Naamini zitakuwepo. Usiifute programu. Simu isipotee, isianguke majini. Na leo hii, wapigie jamaa wote. Usiandike, piga. Wasikie sauti yako. Waambie asipewe mtu namba wala hela kwa jina lako au la wifi."

Jioni ile Mama Unga alipiga simu nyingi kuliko alizopiga mwaka mzima. Shemeji yake alikuwa tayari ameombwa msaada "wa hospitali" kwa jina lake, na alikuwa njiani kwenda kutuma. Akarudi nyumbani akimshukuru Mungu. Binamu mmoja akamcheka, kisha akakiri kwamba naye alikaribia kunaswa.

Simu ya mwisho ilikuwa ya mama mkwe.

Kwa mama mkwe alikuwa hajapiga muda mrefu. Kila walipoongea walilia wote wawili, basi polepole wakaacha. Mama mkwe alikuwa na simu ndogo ya kubonyeza, isiyo na programu zozote. Hakuwa hatarini. Hata hivyo Mama Unga alipiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu! Ni wewe kweli? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba, mama. Kuna wezi wa simu tu."

Alimweleza kwa kifupi. Mama mkwe alisikitika, akawalaani wezi kwa mpangilio mzuri, kuanzia miguu mpaka kichwa. Kisha akashusha sauti.

"Mwanangu," alisema, "wewe bado unaikumbuka sauti yake?"

Mama Unga alishika simu kwa nguvu.

"Kwa nini, mama?"

"Mimi inanipotea. Sura ninayo, picha iko ukutani. Sauti ndiyo inaondoka. Nikikaa kimya naitafuta, naikuta sauti ya baba yake, au ya mjomba wake. Yake siipati. Alipokuja kuniona tulikaa tu, tukala, akaenda zake. Nani angefikiri kuihifadhi?"

Mama Unga alitaka kusema: ninazo mimi, ninazo nyingi, miaka miwili nimezikalia peke yangu. Lakini angewezaje kumwahidi kitu kilichofungiwa na mwizi? Alisema tu, "Mama, niombee wiki hii ipite."

Ikaanza wiki ndefu.

Kiwandani, unga ulipofunikwa, miguu ilimpeleka stoo yenyewe. Alikaa juu ya magunia, simu mapajani, ukurasa uleule ukimtazama. Alijaribu kumsikiliza mumewe kichwani. Maneno aliyakumbuka yote: foleni, mbuzi, viatu, kamba. Lakini maneno yalikuja kwa sauti yake mwenyewe. Alifumba macho, akaanza tena. "Mama Unga, niko kwenye..." Ilikuwaje ile "Mama Unga"? Iliinuka mwishoni, au ilishuka? Alikuwa ameisikia maelfu ya mara. Sasa hakuwa na uhakika.

Akamwelewa mama mkwe wake kuliko alivyowahi kumwelewa.

Siku moja lori la ngano lilikuja kushusha mzigo. Aliyeliendesha alimwita mtu kwa sauti nene kutoka uani. Mama Unga alisimama ghafla, trei ikamponyoka. Alitoka mpaka mlangoni. Aliyeita alikuwa kijana mnene mwenye kofia, hafanani na mtu yeyote. Akarudi ndani, akaokota trei, na mpanga mikate akamshika bega.

Jioni hiyo, akiwa jikoni na binti yake, alishindwa kuvumilia.

"Siku ile ulijuaje kwamba sauti za baba yako zimo kwenye simu?"

Binti aliendelea kumenya viazi. Alimenya kimoja mpaka kikabaki kama gololi.

"Huwa nazisikiliza," alisema mwishowe. "Ukiwa unaoga. Wewe huoga muda mrefu kwa sababu ya unga."

Mama Unga alikaa juu ya kigoda.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani utakasirika. Nilidhani ni zako."

"Nami nilidhani umemsahau."

"Nimsahau vipi, mama?" Binti aliweka kisu chini, na machozi yakamshuka. "Nikifunga kamba za viatu namkumbuka. Nilijipima mguu kwa kamba ile siku, unakumbuka? Akaleta viatu vikubwa kama mitumbwi."

"Alisema utakua."

"Hapana, alisema, 'Aaa, mguu utavifuata huko mbele.'" Binti alilisema lile neno kwa sauti nzito, kidevu kifuani.

Mama Unga alishtuka, kisha akacheka. "Siyo hivyo. Hakuvuta 'aaa' namna hiyo. Alikuwa anakohoa kidogo kwanza."

"Alikohoa baadaye!"

"Kwanza!"

Wakabishana huku wakipika, mpaka viazi vikaungua kidogo chini. Ilikuwa mara ya kwanza wawili hao kumzungumzia kwa pamoja, na hakuna aliyekuwa na hakika ya ile sauti. Wakala wakiwa na hamu ileile, lakini safari hii hamu ilikuwa mezani, kati yao.

Wiki ilipotimia, Bi Kibodi aliacha kompyuta yake, akaja mwenyewe. Mama Unga akaomba ufunguo upya. Ukaja. Programu ikakubali kuliondoa kufuli la mwizi. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha majina yakaanza kujaa kwenye kioo, moja baada ya jingine.

Jina la Dereva lilikuwa chini kabisa.

Mama Unga aligusa sauti moja, yoyote ile.

"Mama Unga," alisema Dereva, "nimesimama kunywa chai. Chai yenyewe ni maji yaliyoonyeshwa majani."

Iliinuka mwishoni. Ile "Mama Unga" iliinuka mwishoni.

Bi Kibodi alikwenda kusimama dirishani, akawaacha mama na binti wakumbatiane. Baada ya muda alikohoa.

"Tumalize kazi, dada. Tusiondoke na mlango wazi."

Kwanza alimwonyesha mahali pa kuangalia kama kuna simu au kompyuta nyingine iliyounganishwa na programu yake. Hapakuwa na kitu. Kisha akamwambia aweke kufuli lake mwenyewe la pili.

"Hili ni lako. Mwizi hata akipata zile namba sita, atakwama hapa. Chagua namba."

"Tuweke tarehe ya kuzaliwa baba," alisema binti.

"Juzi mmeiandika tarehe hiyo kwenye kundi la familia. Watu wangapi wanaijua?"

"Wote."

"Basi siyo siri. Wala si moja, mbili, tatu, nne. Fikirieni namba ambayo haina habari zenu. Mimi nageuka, msiniambie."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Mtu mwema hahitaji namba yako ya siri. Awe fundi, awe wa benki, awe wifi. Anayeiomba, mkatie simu."

Wakanong'onezana, wakachagua. Waliongeza na barua pepe ya binti, ili wakiisahau namba wapate njia ya kurudi.

"Sasa sauti zenyewe," alisema Bi Kibodi. "Siku hizi zote ulikuwa umeweka kila kitu kwenye simu moja. Wizi umekushtua, lakini hata ndoo ya maji ingetosha kuzimaliza. Tunatoa nakala. Moja kwenye simu ya binti. Nyingine kwenye flashi, uiweke kabatini. Simu ikipotea, sauti hazipotei."

Wakazihamisha moja moja. Kazi ilichukua alasiri nzima, kwa sababu kila moja walitaka kuisikiliza. Kuhusu kikohozi, ilionekana wote walikosea. Dereva hakukohoa kabisa. Alikuwa akisafisha koo kabla ya kubonyeza, na simu ikadaka mwisho wake.

Zilipokwisha, Mama Unga aliishika ile flashi kiganjani.

"Mdogo wangu, kuna mtu mmoja ana simu ya kubonyeza tu. Ana redio ndogo yenye tundu la flashi. Hii itaingia?"

"Redio haitazielewa zilivyo. Nipe kidogo, nizigeuze ziwe za aina inayosomeka na redio." Akaenda kwake, na kupitia ukuta wakasikia: tak-tak-tak.

Kabla hawajasafiri kuipeleka flashi, mtu alimpigia Mama Unga akiwa kazini. Alikuwa na sauti nzuri, ya kistaarabu. Alisema anatoka ofisi ya mtandao wa simu, na laini yake itafungwa saa hiyo asipomtajia namba sita zitakazoingia.

"Saa hiihii?" aliuliza Mama Unga.

"Saa hiihii, mama. Haraka tafadhali."

"Basi acha ifungwe, baba. Mimi nina unga unaumuka." Akakata.

Wenzake walicheka mpaka msimamizi akatoka ofisini. Lakini baada ya kucheka, mpanga mikate alimfuata na simu yake. "Nionyeshe hilo kufuli la pili," alisema. Wakaja na wengine. Mama Unga akawaonyesha mmoja mmoja, akigeuza uso kila walipoandika namba zao.

Siku ya mapumziko, mama na binti walikwenda kwa mama mkwe. Walimkuta sebuleni, redio dirishani ikisoma habari. Walisalimiana, wakanywa chai. Mama Unga alikuwa amepanga maneno mengi njiani, yote yakamtoka. Alisema tu:

"Mama, nimekuletea kitu. Nilipaswa kukuletea zamani."

Akaingiza flashi kwenye redio. Binti akabonyeza.

Redio ilikwaruza kidogo, kisha sauti ya Dereva ikajaa chumba. Alikuwa akisema amekwama porini, mvua inanyesha, gurudumu limepasuka na la akiba nalo halina upepo. Anamsubiri mwenzake aje na jingine. Ametandika gunia chini ya lori, amekaa. Nyuma yake mvua ilisikika, na yeye akiimba kidogo, vibaya sana.

Mama mkwe aliiweka chini bilauri yake. Alikaa ameelekeza sikio kwenye redio, mikono imelala mapajani, hakutikisika hata kidogo. Sauti ilipokwisha, alibaki hivyohivyo.

"Mama?" aliita Mama Unga.

"Alipata gurudumu?"

"Nini, mama?"

"Siku hiyo. Huyo mwenzake alikuja?"

Mama Unga alimshika mkono. "Alikuja, mama. Walilifunga jioni hiyohiyo. Alifika nyumbani salama, amelowa, akala akalala."

Mama mkwe aliitikia kwa kichwa taratibu, mara nyingi.

"Vizuri," alisema. "Mbonyeze tena."